Chujio la mkaa wa mifupa la kutoa floraidi: mwongozo kamili kwa watu wa Arusha ambao lilishawagomea

Hii naiandika kwa ajili ya ndugu zangu wa Arusha na Arumeru ambao walishajaribu kutoa floraidi kwenye maji ya nyumbani wakafeli, na ni wengi mno. Meseji ni zilezile: nimechemsha, nimenunua filta ya mtungi, nimejaza mkaa kwenye ndoo, nimepeleka maji kupima yamerudi vilevile. Au yalishuka vizuri mwanzoni afu baada ya miezi kadhaa yakapanda tena kimyakimya na hamna aliyejua mpaka mtoto kaota meno ya kahawia. Huyo wa mwisho ndo ananiumiza zaidi, maana alifanya kila kitu sawa isipokuwa kuhesabu ndoo.

Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya maji yetu haina ladha ya kukushtua. Maji ya chemchemi ya Meru yanaweza kuwa meupe pe na bado yana floraidi mara nne ya kiwango, kwa sababu inatoka kwenye miamba ya volkano ambayo maji yanapita. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania nayo imeshuka hapohapo, zamani tuliruhusu mpaka 4.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Ndoo 2 za lita 20 zenye mifuniko, ziwe zilibeba kitu cha kula kama mafuta ya kupikia. Ya rangi usitumie hata uioshe vipi.
- Koki 2 za plastiki za nusu inchi na washa zake.
- Mpira mweupe wa maji ya kunywa, mita moja na nusu hivi, unaoingia vizuri kwenye koki.
- Kokoto ndogo za mtoni, kama jagi mbili.
- Neti laini ya nailoni, vipande viwili vya kutosha upana wa ndoo.
- Mkaa wa mifupa (mifupa ya wanyama iliyochomwa, siyo mkaa wa kupikia) kilo 10, chembe za saizi ya chenga za mchele.
- Jagi la lita moja, simu yenye saa, chupa 3 safi za plastiki za nusu lita.
- Daftari na kalamu ya kufunga kwa kamba hapohapo kwenye ndoo. Hii ni kifaa kama koki ilivyo kifaa, usiiruke.

## Hatua ya 1: Jua namba ya maji yako

Bila namba unafanya kazi gizani. Usichukue namba ya jirani, kisima cha huku na cha kule ng'ambo ya korongo vinaweza kupishana sana, na maji ya bomba mjini nayo yanatoka vyanzo tofauti, chemchemi na visima, kwa hiyo ya Njiro siyo lazima yawe ya Sakina. Watu wa Maji ya Chai, King'ori, Ngarenanyuki na Oldonyosambu nyie msisubiri hata kidogo.

Chukua chupa ya plastiki (ya glasi hapana, floraidi inashikana na glasi na majibu yanaharibika), isuuze mara tatu kwa maji hayohayo unayotaka kupima, jaza, funga, andika tarehe na mahali. Peleka maabara ya maji ya serikali Arusha, au kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji, au uliza chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru. Mwambie unataka floraidi kwa miligramu kwa lita, usikubali jibu la "maji yako yako fresh".

Ukiweza pima kiangazi. Masika mvua inachanganyika kwenye chanzo na namba inaweza kushuka, ukaja kujipangia kwa namba ya uongo.

Ukipata chini ya 1.5, acha, huhitaji chujio. Ukipata kati ya 1.5 na 4, una njia mbili, chujio au kuchanganya na maji ya mvua, nitaeleza mbele. Juu ya hapo jenga chujio. Juu ya 10 jenga pia lakini ujue mkaa utaisha haraka, kwa hiyo tafuta na mvua ya kusaidia.

Umefaulu kama: una karatasi yenye namba na tarehe, na umeinakili ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 2: Achana na visivyofanya kazi

Kuchemsha hakutoi floraidi, kunaizidisha, maana maji yanatoka kama mvuke na floraidi inabaki sufuriani. Mtungi wa udongo na filta za kauri zinazuia vijidudu na tope tu. Mwanga wa UV hauigusi. Vidonge vya klorini haviigusi. Mkaa wa kupikia, ule wa magunia, hauishiki hata ukijaza pipa zima.

Kuna kingine kinawapoteza watu wanaosoma sana mtandaoni. Wanaona habari za kemikali za milele, zile PFAS zilizochafua maji ya miji ya Marekani, wanasoma kwamba katriji ya kaboni inazipunguza, na kwa sababu kemikali hizo nazo zina florini ndani yake wanadhani ni kitu kimoja na cha kwetu, wananunua katriji kwa hela nyingi wakidhani wamemaliza. Ni vitu viwili tofauti kabisa. PFAS ni kemikali za kiwandani, zile za sufuria zisizoshika chakula na povu la kuzimia moto, na mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa mbili kati yake, yaani sehemu nne tu ukigawa miligramu moja mara milioni. Yetu ni madini ya mwamba na tunahesabu kwa miligramu nzima. Kaboni ya katriji inakamata zile, yetu inapita kama haijaona kitu. Kabla hujanunua filta yoyote muulize muuzaji swali moja, inatoa floraidi kutoka ngapi kwenda ngapi, na karatasi ya maabara iko wapi.

Mashine za RO, zile zinazosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando mwembamba sana, zinatoa floraidi kweli, ila zinataka umeme na presha na zinamwaga maji mengi. Kama unayo na unabadilisha katriji zake kwa wakati, endelea nayo.

Kuna pia njia ya shabu na chokaa. Inafanya kazi ikisimamiwa na mtu mwenye vipimo, lakini nyumbani ukizidisha shabu unaongeza aluminiamu kwenye maji ya watoto. Mimi siishauri jikoni.

## Hatua ya 3: Chagua mkaa wa mifupa kwa macho na kwa pua

Mkaa wa mifupa unafanya kazi kwa sababu madini ya mfupa yanaipenda floraidi, ndo sababu hiyohiyo inayofanya ikae kwenye mifupa na meno yetu. Tunachofanya ni kuipa mfupa wa ng'ombe kabla haijafika kwenye wa mtoto.

Usichome mwenyewe nyumbani. Moshi na harufu yake ni balaa kwa majirani, lakini shida kubwa ni joto: mifupa inatakiwa ichomwe kwa hewa kidogo kwenye nyuzi kama 400 hadi 600, na jiko la kuni haliwezi kulishika joto hilo sawasawa. Anzia kuulizia Ngurdoto.

Ukifika kwa muuzaji vunja punje kadhaa uangalie ndani. Kijivu mpaka kijivu cheusi, na ndani iwe sawa na nje, huo chukua. Kahawia au njano maana yake haukuiva, una mafuta na nyama ndani, maji yatanuka. Mweupe kama chokaa umeungua kupita kiasi, maji yatatoka safi na hayatanuka lakini nguvu ya kushika floraidi imepungua sana, na huu ndo unaowadanganya wengi kwa sababu unaonekana msafi.

Afu fanya kipimo cha usiku mmoja: konzi moja ya mkaa kwenye glasi ya maji safi, funika, angalia asubuhi. Maji yakiwa ya njano, yana utelezi au yananuka, rudisha mzigo.

Na jambo la imani lisichukuliwe kirahisi. Familia nyingi za Kiislamu zimeacha kutumia chujio baada ya kujua ni mifupa tena hawakuambiwa ni ya mnyama gani, na Wahindu wapo ambao ya ng'ombe hawaigusi kabisa. Muulize muuzaji mifupa imetoka machinjio gani, na kama unamtengenezea mtu mwingine mwambie wazi kabla. Asiyeweza kwa imani yake anayo njia ya mvua.

Umefaulu kama: glasi ya asubuhi haina rangi wala harufu.

## Hatua ya 4: Osha mpaka uchoke

Mimina mkaa kwenye beseni, jaza maji, koroga kwa mkono, mwaga vumbi jeusi. Rudia. Watu wanaosha mara mbili wanasema basi, baadaye vumbi linaziba neti na maji yanatoka tone tone. Osha mpaka maji ya beseni uone kitako chake. Kokoto nazo hivyohivyo.

## Hatua ya 5: Panga ndoo

Toboa ndoo ya kwanza karibu na kitako, funga koki na washa pande zote mbili, jaza maji uangalie kama inavuja kabla hujaweka kitu. Ndoo ya pili nayo ifungwe koki yake, hiyo ni ya kupokea maji safi.

Weka kokoto kimo cha vidole vinne, zizidi kidogo tundu la koki. Juu yake neti. Juu ya neti mkaa wote kilo 10, utachukua kama sehemu tatu kati ya tano za ndoo. Neti ya pili juu, na juu yake kisahani cha plastiki chenye matundu ili ukimimina maji yasichimbe shimo.

Sasa mpira. Ingiza kwenye koki, upandishe nje ya ndoo mpaka vidole vitatu juu ya usawa wa mkaa ulio ndani, ufunge hapo kwa kamba, afu uushushe kwenye ndoo ya pili. Hii shingo ndo inafanya mkaa ubaki ndani ya maji muda wote hata ukisahau kufunga koki. Mkaa ukikauka unaingiza hewa, na penye hewa maji yanapata njia ya mkato yanapita bila kugusa punje. Juu kabisa kwenye kona ya mpira toboa kitundu kidogo cha sindano kwa upande wa juu, la sivyo mpira utanyonya ndoo yote mpaka chini na shingo haitakusaidia kitu.

Jaza maji polepole mpaka yafunike mkaa, gongagonga ndoo pembeni utoe mapovu, acha ilale usiku mzima.

Umefaulu kama: asubuhi mapovu yameisha, na ukiacha koki wazi maji yanasimama yenyewe juu ya mkaa.

## Hatua ya 6: Punguza mwendo

Hapa ndo chujio nyingi nzuri zinapofia. Mtu kajenga vizuri, kafungua koki yote, lita inajaa kwa dakika moja anafurahi lina spidi. Floraidi inahitaji muda wa kukaa na mkaa, angalau nusu saa, na saa nzima ni bora.

Mimina lita 5, weka jagi chini ya mpira, washa saa ya simu. Lita moja itoke kwa dakika 5 au zaidi. Ikiwahi, bana koki. Ukishapata, weka alama kwa rangi kwenye koki ili mtoto akigusa ujue pa kuirudisha. Mimina tano tano, subiri, usijaze mpaka juu.

Kama maji yako yana tope, yaache yatuame kwenye dumu kwanza. Na usiweke klorini kabla ya chujio, mkaa utaimaliza na utakuwa umepoteza dawa.

## Hatua ya 7: Mwaga ya kwanza, pima ya pili

Ndoo mbili tatu za mwanzo usinywe. Zinakuwa na rangi kidogo na ladha ya magadi kwa sababu mkaa mpya unapandisha alkali. Mwagia maua au osha nyumba. Yakishakuwa hayana ladha, chukua sampuli uirudishe maabara ileile.

Umefaulu kama: namba iko chini ya 1.5. Mkaa mpya mzuri kwa kawaida unakupa chini ya 1. Ikiwa juu usiendelee kunywa, nenda sehemu ya mwisho huko chini.

## Hatua ya 8: Ua vijidudu baada ya chujio

Mkaa wa mifupa hauui bakteria, na maji yaliyolala ndani yake yanaweza hata kuwaongeza. Mpangilio ni huu: chuja kwanza, afu chemsha au tia klorini kwenye ndoo safi. Kuchemsha maji ambayo floraidi imeshatoka hakuna shida, kiasi kidogo kilichobaki hakitapanda cha kutisha.

## Hatua ya 9: Hesabu ndoo, hesabu ndoo, hesabu ndoo

Chujio la mkaa wa mifupa linakufa bila dalili. Halizibi, halinuki, maji hayabadiliki rangi. Siku linapojaa floraidi maji yanaendelea kutoka mazuri vilevile na familia inaendelea kunywa kwa amani. Ndo maana nimeiweka kalamu kwenye orodha ya vifaa.

Hesabu yake siyo ngumu. Kilo moja ya mkaa mzuri chukulia itabeba gramu 2 za floraidi, yaani miligramu 2,000. Kilo 10 ni miligramu 20,000. Maji yako yakiwa 5 na unataka yashuke mpaka 1, kila lita inaacha 4 kwenye mkaa. Gawa 20,000 kwa 4, unapata lita 5,000, sawa na ndoo 250 za lita 20. Ndoo moja kwa siku ni kama miezi minane.

Maji yakiwa 10 unaondoa 9, unapata kama lita 2,200, ndoo 110, miezi mitatu na nusu hivi. Umeona tofauti, jirani yako wa maji ya 5 anaweza kukwambia la kwake lina miezi sita liko poa, wewe la kwako limekufa zamani.

Gramu 2 ni makadirio, mkaa haulingani, kwa hiyo usingoje mpaka mwisho wa hesabu. Piga mstari mmoja kwenye daftari kila ndoo. Ukifika nusu ya hesabu yako peleka sampuli. Kuanzia hapo pima kila mwezi, na namba ikigusa 1.5 badilisha mkaa wote, usiongezee mpya juu ya wa zamani.

Mkaa uliokwisha uzike shimoni mbali na kisima. Kuna watu wanaufufua kwa magadi makali ya kutengenezea sabuni, hiyo iachie kituo chenye wataalamu, inaunguza ngozi na macho.

Ili usimalize mkaa bure tumia maji haya kwa kunywa na kupikia tu. Ugali, wali, uji na chai vinakunywa maji mengi, kwa hiyo kupikia ni lazima. Kuoga na kufua tumia ya kawaida, floraidi haiingii kwa ngozi kwa kiasi cha kujali. Familia ya watu watano sita ndoo moja kwa siku inatosha.

Kama maji hayatoshi wote, waanze wadogo. Meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya fizi kuanzia uchanga mpaka kama miaka 8, na yakishaota na madoa chujio haliyarudishi. Mtoto anayenyonya yuko salama upande huo, maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana. Hatari inaanza akianza uji na maziwa ya kopo, hivyo viwe vya maji ya chujio kuanzia siku ya kwanza.

## Njia ya mvua

Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Bati safi, gata, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi uiache imwagike ioshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Kama huna tangi la kukufikisha mwisho wa kiangazi, changanya. Maji yako yakiwa 4, ndoo moja ya hayo na ndoo tatu za mvua inakupa 1. Yakiwa 2, nusu kwa nusu inakupa 1. Kwa mwenye maji ya 2 au 3 mimi naona hii ni bora kuliko chujio, haina cha kubadilisha wala cha kusahau. Klorini au kuchemsha kuko palepale.

## Maji yamepimwa tena na bado yako juu

Angalia kwa mpangilio huu. Kwanza mwendo, pima tena kwa saa ya simu kama lita moja inachukua dakika 5 au zaidi, asilimia kubwa ya kesi zinaishia hapa. Pili hewa, toa maji, jaza polepole, gonga, laza usiku. Tatu mkaa, vunja punje, kama ni mweupe ndani umeuziwa uliokufa. Nne daftari, kama hakuna mistari hujui uko wapi, badilisha mkaa uanze upya.

Na kama maji yamerudi mazuri lakini mtoto mdogo bado anapata madoa, angalia sufuria. Magadi ya kulainishia maharage, makande na kiburu yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana, mengine konzi moja inaharibu kazi yote ya chujio. Loweka maharage usiku kwa maji yaliyochujwa, asubuhi mwaga yale, bandika kwa maji mapya ya chujio, yataiva bila magadi, kuni zitaongezeka kidogo tu. Majani ya chai nayo yana floraidi yake, mtoto wa chini ya miaka 8 mpe maziwa au uji. Dawa ya mswaki iwe kama punje ya harage dogo na mtu mzima asimame hapo mpaka ateme.